Krismasi ya sufuria moja milimani Dindira

Siku za mwisho kabla ya Krismasi, stendi ya Korogwe haipumziki. Mabasi ya Dar es Salaam, Moshi na Arusha yanashusha abiria waliobeba magunia ya mchele, madumu ya mafuta ya kula na mafurushi ya nguo mpya za watoto. Kwa wengi wao safari bado mbichi. Mji wenyewe uko bondeni, kwenye joto. Nyumbani ni kule juu, kata ya Dindira, ambako barabara iendayo Bumbuli na Soni inapanda Milima ya Usambara Magharibi na kupita kwenye mashamba ya chai.

Desemba kuna mvua za vuli. Udongo mwekundu unateleza, gari linapanda kwa gia ndogo, na kwenye kona mbaya abiria hushuka wakasukuma. Hata hivyo, safari ya kutoka Dar es Salaam, karibu kilomita 300 hadi Korogwe, imepata nafuu miaka ya karibuni. Desemba 2019 treni ya abiria kati ya Dar es Salaam na Moshi ilirudi relini baada ya kukosekana kwa zaidi ya miaka 20, ikipita Korogwe. Mwaka 2023 mabasi nayo yakaruhusiwa tena kusafiri usiku. Anayefunga kazi jioni anaweza kuamkia kwao.

Anakuta nini akifika? Anakuta familia yenye dini mbili.

Tanga ni mkoa wa Waislamu wengi, na Uislamu ulipanda milima hii kwa njia za wafanyabiashara. Wamisionari wa Kilutheri wa Bethel, kutoka Ujerumani, walifungua kituo Mlalo mwaka 1891, kisha wakaenda Vugha na Lutindi. Waanglikana walikuwa wametangulia kujenga Magila, upande wa Muheza. Matokeo yake ni kwamba katika koo nyingi za Wasambaa, na za Wazigua wa Handeni vilevile, kaka ni mzee wa kanisa na mdogo wake ni Mwislamu safi. Shangazi mmoja yuko kwaya, mwingine kaolewa na mwalimu wa madrasa. Wote wana babu mmoja, na makaburi yao yako kiambo kimoja.

Ndiyo maana kazi ya kwanza ya sikukuu ni kumtafuta mchinjaji. Katika familia nyingi za mkoa huu, mbuzi wa Krismasi huchinjwa na Mwislamu, mara nyingi mjomba au jirani, ili asiwepo ndugu wa kula ugali na mboga peke yake. Asubuhi kungali na ukungu, mjomba ananoa kisu pembeni, mnyama asikione. Mbuzi analazwa kwa ubavu, anaelekezwa kibla, mjomba anapiga bismillah, na koo linakatwa kwa mkono usiosita. Vijana wanamtundika mnyama kwenye tawi, wanachuna ngozi. Kichwa na miguu vinatengwa kwa ajili ya supu. Maini hayasafiri mbali: yanaishia kwenye makaa palepale, chumvi kidogo na ndimu, yakaliwa na waliofanya kazi.

Jambo hili si dogo. Februari 2013, mzozo juu ya nani ana haki ya kuchinja ulizuka Buseresere, mkoani Geita, na mchungaji akauawa. Kinachoonekana kuwa desturi tu ya nyumbani kiliifikisha jamii nzima kwenye maafa mara tu watu walipokigeuza kuwa ushindani. Familia zinazomwita mjomba aje na kisu chake zinafanya kazi ya amani bila mkutano wala hotuba.

Milimani hapa, nyama iliyogawanywa ina historia ndefu kuliko kanisa. Simulizi mashuhuri kuliko zote za Usambara ni ya Mbegha, mwindaji aliyekuja kutoka Nguu akiwa mgeni asiye na shamba. Aliwapa wenyeji wa upande wa Bumbuli nyama ya mawindo, nao wakampa vyakula vya shambani. Ukarimu huo ulimfikisha Vugha, akawa mfalme wa kwanza wa ukoo wa Wakilindi. Kisa hicho kimo katika Habari za Wakilindi, kitabu cha Abdallah bin Hemedi bin Ali Ajjemy. Mwandishi alikuwa Mwislamu. Waliokichapa mara ya kwanza, kuanzia 1895, ni wamisionari wa Kianglikana wa Magila.

Usiku wa tarehe 24 ni wa kanisani. Madhabahu inapambwa kwa matawi mabichi na karatasi za rangi, kwaya zimefanya mazoezi tangu Novemba, na watoto wanapanda mbele kughani ngonjera na kusema mistari ya Biblia waliyokaririshwa. Asubuhi yake ni ibada tena, kila mtoto na nguo yake mpya. Fundi cherehani wa kijiji huwa hajalala siku kadhaa.

Kisha ni pilau. Akina mama wanakaanga vitunguu hadi viwe vya kahawia iliyoiva, wanatia bizari, mdalasini, karafuu na iliki, ambayo hulimwa Usambara Mashariki. Nyama inafuata, halafu mchele, na maji yakikauka sufuria hufunikwa, makaa yakawekwa juu ya kifuniko ili pilau iive kwa moto wa pande mbili. Masahani yanatoka yakiwa makubwa: la wanaume, la wanawake, la watoto. Wenye kunywa pombe ya miwa, kinywaji cha zamani cha Wasambaa, hujitenga, kwa heshima ya wasiokunywa.

Tarehe 26 nayo ni sikukuu ya taifa, na ndiyo siku ya kikao cha ukoo. Hapo huzungumzwa ada za shule za Januari, mpaka wa shamba unaogombewa, bibi anayehitaji kupelekwa hospitali. Aliyekosa nauli ametuma mchango kwa simu, na jina lake linasomwa pamoja na ya waliohudhuria. Idd ikifika, zamu hugeuka: Wakristo wanakwenda kula kwa ndugu zao.

Kuna miaka ambayo zamu hizo zinagongana. Mwaka 2000 Krismasi iliangukia ndani ya Ramadhani, na Idd el-Fitr ikafuata siku chache tu baadaye. Kwa hesabu za kalenda hali hiyo inarudi. Krismasi za 2031 na 2032 zinatazamiwa kukuta mfungo, na mwaka 2033 Idd inatarajiwa siku mbili tatu kabla ya tarehe 25, kutegemea mwandamo. Sahani kubwa ya Krismasi italazimika kusubiri magharibi, ili wote wafuturu na kusherehekea kwa pamoja, na mwaka wa Idd ukoo utaamua kama mbuzi mmoja anatosha sikukuu mbili au wachangie wa pili.