Familia zapumzika ufuoni, shamba lafanya kazi

WAKATI wa kaskazi, kuanzia Disemba hadi Machi, joto la Mombasa humtoa mtu ndani ya nyumba hata kama hakuwa na safari. Kufikia saa sita mchana chumba chenye paa la mabati huwa hakikaliki, na familia iliyo na nauli ya matatu hukimbilia baharini. Jumapili au sikukuu yoyote ya msimu huo, katika ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta ulioko Bamburi, kaskazini mwa kisiwa cha Mombasa, ambao wenyeji na wageni huuita Pirates, mikeka na leso huanza kutandikwa kivulini mapema. Watoto huvua viatu kabla mizigo haijateremshwa. Baba aliyelalamikia gharama wiki nzima utamkuta amelala chali, kofia usoni.

Mapumziko hayo ni siku ya kazi kwa watu ambao hawaonekani kabisa mchangani. Kabla jua halijachomoza, mkwezi wa Kilifi ameshapanda minazi kadhaa. Huko Kwale mihogo imeng'olewa na kutiwa kwenye magunia. Katika soko la Kongowea wachuuzi wamekuwa wakipigania embe na ndimu tangu alfajiri. Karibu kila kitu kinacholiwa kwenye mkeka ule kimetoka shambani si mbali na bahari, na mkulima anayeijua siku hiyo vizuri ana nafasi ya kuuza kwa bei ambayo hawezi kuipata siku ya kawaida.

Hata hivyo, mfanyabiashara asidanganyike na wingi wa watu. Familia nyingi huja na chakula chao. Pilau imepikwa usiku, imefungwa kwa kitambaa ndani ya sufuria, na chupa ya chai iko kando. Anayepeleka sahani za wali ufuoni anashindana na mama wa nyumba aliyekwisha kupika, na mara nyingi hurudi na sufuria yake nusu. Kinachonunuliwa ni kile kisichobebeka kutoka nyumbani, au kinachopoteza ladha njiani: dafu lililokatwa hapo hapo, muhogo wa kuchoma ukitoka kwenye makaa, viazi karai vya moto na ukwaju wake, embe bichi lenye pilipili na chumvi, mabuyu na achari za rangi zinazochafua vidole. Anayechagua ni mtoto na anayelipa ni mama. Kwa hiyo muuzaji anayepima kwa vipande vidogo vilivyo sawa, ili mama mwenye watoto wanne awagawie bila ugomvi, huuza kuliko yule mwenye vipande vikubwa vya bei moja.

Jambo la kwanza ambalo wageni katika biashara hii hulikosea ni maji. Pwani ya Kenya bahari hujaa na kupwa mara mbili kila siku, na kila siku saa hizo husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu kunakuwa na bamvua: maji hupwa hadi mwamba uonekane, kisha hujaa kwa nguvu, tofauti ikiwa zaidi ya mita tatu. Mwezi unapokuwa nusu kunakuwa na maji mafu, na tofauti ni takriban mita moja na nusu au chini ya hapo.

Mombasa ina bahati ya kwamba bamvua lake halibadili sana saa zake. Maji hupwa kabisa kati ya saa nne na saa tano asubuhi, na hujaa kati ya saa kumi na saa kumi na moja jioni. Sasa, Idd-ul-Fitr husaliwa mwezi ukishaandama, maana yake kila mwaka siku hiyo huangukia kwenye bamvua. Familia zinazofika baada ya swala na chakula cha mchana zitakuta bahari iko mbali na mchanga ni mpana, lakini kufikia alasiri mchanga mkavu umebaki ukanda mwembamba. Muuzaji aliyeweka jiko lake chini asubuhi kwa sababu alipaona peupe atalihamisha likiwaka makaa, saa ile ile ambayo wateja ni wengi. Idd ya kuchinja nayo huangukia tarehe kumi ya mwezi, wakati wa maji mafu; bahari hujaa karibu na mchana na haiendi mbali. Krismasi na Mwaka Mpya havifuati mwezi, hivyo lazima mtu atazame. Mamlaka ya Bandari ya Kenya hutoa jedwali la maji ya kila mwaka, na mvuvi yeyote wa mtaani atakujibu bila jedwali.

Hesabu hiyo haihusu jiko peke yake. Katika bamvua, saa za katikati ya kujaa, maji yanaweza kupanda karibu sentimita 75 kwa saa moja. Mtoto aliyekuwa na maji ya kiunoni saa nane mchana anaweza kuwa hana pa kukanyaga saa tisa, na bado amesimama pale pale alipoachwa na mamake. Wanaokodisha tyubu za magari kama maboya wanalijua hilo vyema. Mwenye tyubu anayekataa kumkodishia mtoto asiye na mtu mzima karibu naye anapoteza shilingi chache, lakini ni heri hasara hiyo. Na familia iliyolala usingizi baada ya pilau inafaa iache mtu mmoja macho.

Turudi kwenye dafu, kwa sababu hapo ndipo mkulima wa Pwani anapoachia pesa mtini. Nazi hupitia majina mengi kabla ya kufika jikoni: kidaka, kitale, dafu, koroma, kisha nazi yenyewe. Kutoka ua hadi nazi komavu ni kama miezi 12. Dafu huwa tayari baada ya miezi sita hadi minane, na maji yake huwa matamu zaidi karibu na mwezi wa saba. Basi dafu la Krismasi lilikuwa ua mwezi wa Mei au Juni. Mkulima anayetaka kuuza Disemba aanze kuhesabu mashada yake wakati wa baridi ya Julai, yakiwa bado vidaka, ili ajue ana mzigo wa kiasi gani kabla ya kukubaliana na mchuuzi.

Mnazi ulio na afya hutoa shada jipya karibu kila mwezi. Kwa maana hiyo mti mmoja hauwezi kukupa madafu mengi siku moja hata sikukuu ikiwa kubwa namna gani. Lakini kwa kuwa dafu linasubiri kati ya miezi sita na minane, mkulima anaweza kuruka mavuno ya mwisho wa Novemba na kukuta mashada mawili yanafaa wiki ya Krismasi. Lile changa litakuwa na maji mengi na nyama kidogo sana. Lile kubwa litakuwa na nyama laini ya kukombwa kwa kijiko kilichochongwa kwenye kumbi. Yatenganishwe. Mtoto hutaka nyama, mwenye kiu hutaka maji, na muuzaji anayejua lipi ni lipi bila kupasua hapotezi dafu wala mteja.

Uvunaji wake si kama wa nazi. Nazi komavu huangushwa chini na haina neno. Dafu likiangushwa kutoka juu ya mnazi mrefu wa Pwani hupasuka, au hupata ufa usioonekana, na maji huchacha kabla ya kufika Bamburi. Shada hufungwa kamba na kuteremshwa polepole. Kazi hiyo huchukua muda mrefu zaidi na mkwezi hudai zaidi, tena ana haki, kwani anayepanda miti hiyo bila kitu cha kumzuia akiteleza ni yeye. Madafu yaliyoteremshwa vizuri na kuwekwa kivulini hukaa siku tatu au nne bila kuharibika, hivyo mavuno ya tarehe 23 hufaa kwa Krismasi na siku inayofuata.

Wenye mashamba mapya wafikirie urefu wa mti. Mnazi mrefu wa asili huanza kuzaa baada ya miaka mitano hadi saba na huishi miongo mingi. Mnazi mfupi huanza baada ya miaka mitatu au minne, dafu lake huchumwa mtu akiwa amesimama chini au juu ya ngazi fupi, na hauhitaji mkwezi kwa miaka kadhaa. Nazi zake ni ndogo na hazipendwi sana kwa tui, lakini ufuoni hakuna anayekuna nazi. Mwenye ekari chache karibu na barabara ya Malindi angefanya vyema kuwa na yote miwili.

Muhogo ni hadithi nyingine. Ukishang'olewa huanza kuharibika ndani ya siku mbili au tatu; ukiukata unaona mistari ya buluu na nyeusi. Lakini ukiachwa ardhini hungoja. Uliopandwa kwa mvua za Aprili huwa tayari Disemba, na mkulima anaweza kung'oa kidogo kidogo, mistari miwili kwa kila sikukuu, mradi asiungoje hadi ukawa na nyuzi. Wachomaji wengi hupenda Kibandameno, muhogo wa zamani wa Pwani, kwa sababu ni mtamu na huiva laini. Udhaifu wake ni magonjwa: batobato na michirizi ya kahawia huushambulia sana. Kituo cha utafiti cha Mtwapa, ambacho leo kiko chini ya KALRO, kilitoa aina kama Tajirika, Karembo, Karibuni na Shibe ili mkulima apate mazao zaidi na hasara ndogo ya magonjwa. Anayelima kwa ajili ya wachomaji apande sehemu ndogo kwanza, aonje, awape na wateja wake waonje.

Asilete muhogo mchungu ufuoni kwa hali yoyote. Sumu iliyo katika muhogo mchungu hupungua kwa kuloweka, kusaga na kukausha; kuuweka juu ya makaa kwa dakika chache hakutoshi, na mlaji mkubwa wa muhogo wa Pirates ni mtoto. Mchuuzi anayenunua gunia asilojua lilikotoka auonje muhogo mbichi kwenye ncha ya ulimi, na ukiwa mchungu aurudishe.

Vitu vidogo navyo visidharauliwe. Mbuyu haupandwi wala haupaliliwi, lakini mbegu zake zikipikwa kwa sukari, rangi na pilipili ndizo zinazowanyamazisha watoto njia nzima ya kurudi nyumbani. Mwaka 2022 mibuyu mikubwa ya Kilifi iling'olewa ili isafirishwe Georgia kwenye bustani, na wenye mashamba walilipwa mara moja. Mti ule ungekuwa bado unaangusha mabuyu kila msimu. Embe nazo hukomaa Pwani kati ya Novemba na Februari, msimu ule ule wa watu kwenda baharini. Ngowe lililoiva huuzwa kwa tunda, na lile lililopigwa na upepo likaanguka bichi hukatwa vipande au kuanikwa kwa achari.

Anayepika chakula cha kuuzwa anahitaji cheti cha afya, ambacho hupimwa upya kila miezi sita, na askari wa kaunti huwa wengi siku za sikukuu. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini Agosti 2017, na tangu Juni 2020 plastiki za kutumiwa mara moja haziruhusiwi fuoni. Muuza maji ya chupa ana shida hapo kuliko muuza dafu, ambaye chombo chake kimeota mtini. Shida ya muuza dafu ni makumbi: mazito, yameloa, na yakiachwa mchangani huleta nzi kabla ya jioni. Wengine huyarudisha shambani kwa gari lile lile lililoleta mzigo, yakakatwakatwa na kutandazwa chini ya minazi michanga kuhifadhi unyevu.

Tena ufuo si soko la kutegemewa peke yake. Mwaka 2020 fuo za umma zilipofungwa kwa sababu ya korona, wauzaji walibaki bila pa kwenda, na waliokuwa wakiwategemea kwa mzigo nao wakakwama. Waliokuwa na mteja mwingine, hoteli ndogo mtaani au duka la mboga, walipata angalau cha kuanzia.

Shule zinapofunguliwa Januari, mikeka hupungua kwa wiki moja tu na bei ya dafu huteremka nayo. Mwenye minazi hana haja ya kukimbizana na bei hiyo. Shada ambalo halikuteremshwa Disemba litakuwa koroma baada ya wiki chache, na kufikia Aprili au Mei, mvua ikinyesha na hakuna anayekwenda baharini, litashuka likiwa nazi za tui.