Dawa za vidonda vya kinywa

Dawa za vidonda vya kinywa ni dawa zinazotumika kupunguza maumivu, kutuliza uvimbe au kuua vijidudu kwenye ulimi, fizi, midomo na upande wa ndani wa mashavu. Dawa inayofaa hutegemea chanzo cha kidonda.

Aina za dawa

Vidonda vidogo vya kawaida hupona vyenyewe ndani ya siku 7 hadi 14. Mgonjwa hupata nafuu kwa kusukutua kwa maji vuguvugu yenye chumvi (nusu kijiko cha chai kwa glasi moja), kupaka jeli ya ganzi au kumeza parasetamoli. Klorheksidini ya kusukutua hupunguza bakteria, lakini ikitumika muda mrefu huacha madoa kwenye meno. Vidonda vikali vinavyojirudia hutibiwa kwa dawa za kupaka za jamii ya steroidi.

Utando mweupe wa fangasi hutibiwa kwa nistatini au mikonazoli. Mtu mzima anayeupata mara kwa mara hushauriwa kupima VVU na kisukari. Antibiotiki haziponyi fangasi wala virusi. Aspirini isiwekwe juu ya kidonda, kwa kuwa huunguza nyama ya kinywa.

Zebaki na wachimbaji wadogo

Katika mikoa ya Geita na Shinyanga, wachimbaji wadogo hutumia zebaki kunasa dhahabu, kisha huchoma mchanganyiko huo ili zebaki itoke na dhahabu ibaki. Anayevuta mvuke wake anaweza kuvimba fizi, kupata vidonda mdomoni, kujaa mate kupita kiasi na kutetemeka mikono. Zamani huko Ulaya, zebaki ilipotumika kutibu kaswende, mate hayo mengi yalidhaniwa kuwa dalili ya dawa kufanya kazi.

Dawa ya kusukutua haiondoi zebaki mwilini. Hatua ya kwanza ya tiba ni kuacha kuvuta mvuke. Hospitalini kiasi cha zebaki hupimwa kwa mkojo. Mgonjwa amweleze daktari kazi anayofanya. Kuchomea nyumbani huwadhuru pia watoto, na chombo kilichofungwa hunasa sehemu kubwa ya mvuke. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki mwaka 2020.

Wakati wa kumwona daktari

Kidonda kinachodumu zaidi ya wiki 2, hata kisipouma, kichunguzwe, kwa sababu kinaweza kuwa saratani, hasa kwa wanaotumia tumbaku.