Unataka kununua HiAce nyumbani? Soma kwanza kabla hujatuma hela

Wengi wetu tukishadunduliza miaka miwili mitatu, wazo la kwanza ni gari ya biashara, na gari yenyewe ni Toyota HiAce. Si wazo baya. HiAce ipo tangu 1967, spea zimejaa Kariakoo, na fundi anayeijua hakosekani. Lakini sifa hiyo ni ya HiAce kwa jumla. Ile uliyotumiwa picha WhatsApp ina historia yake.

Kwanza, kama uko Oman au Dubai, usivutwe na bei za huko. HiAce za Ghuba zina usukani kushoto na mlango wa abiria kulia. Tanzania tunapita kushoto, kwa hiyo abiria wako atashukia katikati ya barabara. Tafuta iliyotoka Japani.

Pili, tuma fundi wako mwenyewe, siyo wa muuzaji. Mlipe siku yake. Aikute injini ya baridi, maana ikishapashwa moto mengi hufichika. Aiwashe, afungue kifuniko cha oili: moshi ukitoka kwa kusukuma, injini imechoka. Injini za dizeli za 1KD na 2KD zina mkanda wa taimingi; ukikatika, injini inaweza kufa hapo hapo. Hakuna ushahidi wa lini ulibadilishwa? Weka hela ya mpya. Kilomita za kwenye dashibodi zisikutulize, hurudishwa nyuma. Atazame pedali na usukani vilivyolika.

Tatu, kadi ya gari. Aione halisi, siyo kopi, na namba ya chasisi na ya injini zilingane nayo. Kadi ikiwa benki, uliza mkopo. Aangalie pia faini za trafiki. Kisha umiliki uhamishwe TRA kwa TIN yako wewe. Hapa ndipo wengi tunaumia: hela yako, jina la kaka. Siku mkikosana, kwenye karatasi gari ni yake.

Nne, usimalize akiba yote. Kuna bima ya biashara, leseni ya LATRA, matairi na sevisi ya kwanza. Malipo yaende akaunti yenye jina lile lile la kwenye kadi.

Muuzaji akikwambia "kuna mteja anakuja jioni," mwache amuuzie huyo. HiAce hazijaisha Dar. Miaka yako miwili ya kudeki na kubeba zege, hiyo hairudi.