Askofu Senyonjo: mzee aliyeamua kusikiliza kwanza

Hapa Jangwani mpaka Kariakoo, mada ya mashoga ikiguswa kijiweni haifiki mbali. Mmoja atatoa aya, mwingine matusi, kahawa inapoa, basi. Swali ninalotaka tulijadili ni hili: kiongozi wa dini anaweza kuwapokea watu hawa bila kuitupa dini yake? Naombeni twende kwa jirani, Uganda.

Christopher Senyonjo alikuwa askofu wa Kianglikana wa West Buganda kuanzia 1974 hadi alipostaafu 1998. Mtu wa mke na watoto. Baada ya kustaafu akawa anatoa ushauri nasaha Kampala. Mwaka 2001 wakaanza kumfuata vijana waliokataliwa makwao kwa sababu wanapenda watu wa jinsia yao. Viongozi wa kanisa walitaka awaambie watubu, wabadilike. Mzee akawasikiliza, halafu akawaambia Mungu anawapenda.

Ilimgharimu jamani. Kanisa la Uganda lilimzuia kuhudumu, baadaye likamvua uaskofu. Lakini hakuacha kusali wala kuhubiri Injili.

Januari 2011 mwanaharakati David Kato aliuawa kwa kupigwa nyundo nyumbani kwake Mukono. Miezi michache kabla, gazeti moja lilitoa picha yake likitaka watu kama yeye wanyongwe. Siku ya mazishi, mchungaji aliyekuwa anaendesha ibada akashika kipaza sauti na kuanza kuwashambulia waombolezaji. Wanakijiji wakagoma kuzika. Aliyeongoza sala kaburini ni mzee Senyonjo.

Sasa tutofautishe mambo mawili, maana watu wengi tunayachanganya. Kuna dhambi na kuna jinai. Papa Francis, Januari 2023, alisema kuwa shoga si jinai, ingawa mafundisho ya Kanisa Katoliki kwamba tendo lenyewe ni dhambi hakuyagusa. Senyonjo alikwenda mbali zaidi yake. Ila wote wawili walikubaliana kwamba mtu huyo asifungwe wala asiuawe.

Huku kwetu sheria haijafika hata hapo alipoishia Papa. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu kinatoa kifungo cha maisha, na si chini ya miaka 30. Uganda nao mwaka 2023 walipitisha sheria yenye adhabu ya kifo kwa baadhi ya makosa, na Askofu Mkuu wa Waanglikana kule aliipokea kwa shukrani.

Mimi simlazimishi mtu abadili imani yake. Shehe abaki na msimamo wake, padri na wake. Ninachouliza ni kimoja: mdogo wako akimwendea kiongozi wake wa dini na siri hii, atasikilizwa, au Ijumaa au Jumapili ataisikia kwenye kipaza sauti?

Nawasilisha. Karibuni tujadili, ila matusi hapana.