Makaburi Yaliyoelekea Kibla Katika Mvua ya Verdun

Mimi ni mtu wa pwani, na safari nizijuazo ni za jahazi, basi na matatu. Hii ya kuchukua nyumba mgongoni mfano wa konokono sikuwa nimeidhania. Lakini mpwa wangu, aliyelowea Ufaransa kwa kazi, alikodi gari la namna hiyo. Ndani mna vitanda, jiko la gesi, tangi la maji na choo kisichozidi upana wa kabati. Mapema mwezi wa Novemba tukatoka mji wa Reims, tukashika njia ya mashariki kwenda Verdun.

Mvua tulitoka nayo. Si kama vuli yetu, ikaja kwa kishindo, ikamimina, ikenda zake. Hii ni rasharasha isiyo haya, yanyesha tangu alfajiri hata magharibi. Tulipita mashamba yaliyolimwa, udongo wake mweupe wa chaki, kisha Sainte-Menehould, kisha msitu wa Argonne, majani yake yamegeuka rangi ya tambuu iliyokauka. Na kila kijiji, kijapokuwa na nyumba chache, kina mnara wenye majina ya wanawe waliokufa katika vita vya 1914 hadi 1918. Katika kijiji kimoja nilisoma watatu wa ukoo mmoja.

Usiku tulilala katika uwanja waliowekewa wenye magari haya. Maji ya tangi tuliyagawa: ya chai, ya udhu, ya vyombo. Nikaswali baina ya jiko na kitanda, nimeelekea kusini-mashariki. Sisi Mombasa kibla chetu ni kaskazini, na mwili uliozoea haukubali upesi.

Asubuhi tukafika Fleury. Vita vya Verdun vilipiganwa kuanzia Februari 21 hata Desemba 18, 1916, na wafu wa pande mbili walikuwa yapata 300,000. Fleury kilikuwa kijiji. Sasa ni miti na mashimo ya mizinga yaliyojaa maji, na vibao vya kuonyesha palipokuwa na nyumba na maduka. Hakuna mkazi hata mmoja, walakini meya wanaye.

Karibu na hapo ni Douaumont. Misalaba meupe yashuka mteremko safu kwa safu, mpaka jicho likachoka. Kifaransa sikijui, basi nilikuwa nikienda tu kama kipofu sokoni. Ghafula nikaona mawe yaliyochongwa mwezi na nyota, yamepinda upande kuiacha misalaba, na juu yake herufi nilizofunzwa chuoni kwa fimbo: hili ni kaburi la marehemu fulani. Nikasimama. Makaburi ya Waislamu hapo ni 592, yote yameelekezwa Makka. Watu wa Algeria, Moroko, Tunisia na Afrika ya Magharibi walipigana vita hivyo, na wengi walichukuliwa kwa nguvu. Sikwenda kuwasifu Wafaransa. Ukumbusho wa Waislamu uliopo hapo, wenye kuba na matao, ulifunguliwa na Rais Jacques Chirac mwaka 2006, miaka tisini baadaye. Lakini jiwe lipo, na jina lipo.

Baba wa babu yangu alichukuliwa mwaka 1917 kubebea mizigo jeshi la Waingereza, wakavushwa kumwandama von Lettow-Vorbeck katika nchi iliyokuwa ya Wajerumani. Hakurudi. Wapagazi walikufa makumi ya maelfu, kwa homa na tumbo la kuhara zaidi ya risasi, wakafukiwa walipoanguka. Mombasa tuna sanamu za askari barabarani. Jina lake halimo popote. Nyumbani kwetu alisomewa khitma pasi na kaburi, na hata leo hatujui tuelekee wapi tukimzuru.

Mpwa wangu akaja na mwavuli. "Mjomba, umerowa. Wamtafuta nani?"

"Mwanangu, simtafuti mtu. Shika mwavuli."

Nikasoma Yasini kwa moyo, na thawabu zake nikawatunukia waliolala pale, kisha yeye, nikamtaja kwa jina lake na la mamake. Tulipopanda garini kofia yangu ilikuwa yachuruzika maji. Mpwa wangu akaianika juu ya jiko, akateleka chai ya tangawizi, na mvua ikaendelea kupiga paa.