Kingo za Mto Zenye Majani Hufanya Kazi Mbili

Mbolea isiyofyonzwa na mazao haipotei. Mvua kubwa zikinyesha kwenye mashamba ya pamba na mahindi ya bonde la Mto Simiyu, sehemu yake huteremka na maji hadi Ghuba ya Speke, Ziwa Victoria. Huko hulisha mwani na gugu maji, ambalo limelisumbua ziwa hilo tangu mwishoni mwa miaka ya 1980. Mimea hiyo ikifa na kuoza, oksijeni hupungua majini na samaki hufa.

Mimea ya kingoni hupunguza madhara hayo, ila virutubisho viwili vinavyotusumbua havipiti njia moja. Fosforasi, iliyo nyingi kwenye mbolea ya DAP, hung'ang'ania chembe za udongo. Kuizuia ni kuzuia tope: majani yaliyosongamana, kama vetiva, hupunguza kasi ya maji na tope likatuama kabla ya kufika mtoni. Naitreti huyeyuka na kuzama ardhini, ikapita chini ya majani hayo. Yenyewe hunaswa na mizizi mirefu na udongo wenye majimaji na mboji nyingi. Humo, penye uhaba wa oksijeni, bakteria huigeuza kuwa gesi ya nitrojeni, ileile iliyo asilimia 78 ya hewa tunayovuta. Ndiyo maana huniuma kuona kinamasi cha mafunjo kikikaushwa ili pakalimwe mboga. Kinachopotea ni mtambo wa kusafisha maji ambao hakuna aliyeulipia.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Umbali huo ni mzuri, lakini hautoshi. Njia moja ya ng'ombe ikigeuka korongo, maji yote ya shamba hupita humo bila kugusa jani. Makinga maji yaanzie shambani, ili maji yafike kingoni yametawanyika.

Tena fosforasi haina njia ya kutoka kama gesi. Hurundikana mwaka hadi mwaka, mpaka ukingo wenyewe uanze kuivujisha. Kwa hiyo majani yakatwe na kupelekwa zizini, mifugo isishushwe mtoni kuyala. Serikali za vijiji na maofisa ugani, wekeni utaratibu wa ukataji huo: mkulima anayepata malisho kingoni ana sababu ya kutopalima.