Alianguka Jukwaani, Mkewe Akakataa Dole Lisitiwe

Mwezi huu tulikuwa tumepanga kuwaletea habari za bustani za mboga. Zitakuja toleo lijalo. Tumeziweka kando kwa sababu tumetembelea nyumba tatu hapa Nakivale ambako baba au kijana alirudi kutoka kibarua cha ujenzi mjini akiwa amevunjika. Katika nyumba mbili tulionyeshwa karatasi ya Kiingereza yenye alama ya dole gumba, na hakuna mtu wa nyumba hizo aliyejua imeandikwa nini.

Nyumba ya tatu haikuwa na karatasi hiyo. Ndiyo tunayotaka kuwasimulia.

Baba wa nyumba hiyo ni mwashi kutoka Kivu ya Kusini. Hatutaji jina lake wala la kampuni, maana shauri lao bado halijaisha lote. Alikuwa akijenga ghorofa huko Mbarara, analipwa kwa siku, hana mkataba wowote wa maandishi, jina lake liko tu kwenye daftari la nyapara. Asubuhi moja mti wa jukwaa ukakatika. Akaanguka pamoja na ndoo ya zege, mkono wa kushoto ukasagika na kiuno kikaumia. Wenzake wakambeba kwenye gari la mchanga hadi hospitali.

Siku ya tisa nyapara akafika kambini na shilingi 300,000 mkononi na karatasi moja. Akasema bosi amewahurumia watoto, hii ni zawadi, baba atie dole tu hapa chini. Mama akaiangalia ile karatasi, akaigeuza, akauliza: "Shemeji, kama ni zawadi, mbona inataka dole la baba watoto?" Nyapara akacheka. Mama akaomba aiache hadi mtoto wao mkubwa atoke shule aisome. Kumbe hilo ndilo hakulitaka. Akachukua karatasi yake, akachukua na pesa, akapanda boda boda akaenda.

Msidhani mama alilala vizuri usiku ule. Sukari ilikuwa imekwisha, deni la dukani lilikuwa limefika mahali pa aibu, na majirani walikuwa wameshasikia kwamba amerudisha laki tatu. Walimwita mjinga. Mumewe mwenyewe, kwa maumivu, alimnunia siku mbili. Tunayaandika haya kwa sababu wengi wetu tungetia dole, na hatuna haki ya kumcheka aliyetia.

Sheria inasemaje

Uganda ina Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2000. Sheria hiyo inamdai mwajiri alipe mtu anapoumia kazini, hata kama mwajiri hakukusudia na hata kama ni ajali tu. Huhitaji kuthibitisha kwamba bosi ni mbaya. Unahitaji kuonyesha kwamba ulikuwa kazini kwake, ukaumia, na jeraha likakuzuia kufanya kazi kwa siku tatu mfululizo au zaidi. Gharama za matibabu na za kukupeleka hospitali ni zake pia. Tena sheria inamtaka mwajiri awe na bima ya jambo hili, kwa hiyo mara nyingi si mfuko wa bosi unaolipa bali kampuni ya bima. Ulizeni jina la bima mapema.

Sasa, hesabu. Mtu akifa kazini, familia iliyokuwa ikimtegemea inadai mapato yake ya mwezi mara 60. Akibaki hawezi tena kazi yoyote, ni mara 60 vilevile, na nyongeza ya robo ikiwa anahitaji mtu wa kumhudumia kila siku. Akipoteza sehemu ya nguvu zake, daktari anaandika asilimia, na fidia inakuwa asilimia hiyo ya ile mara 60. Chukueni mfano: mtu analipwa 15,000 kwa siku, anafanya siku 26, mwezi ni 390,000. Mara 60 ni 23,400,000. Daktari akiandika asilimia 20, fidia ni 4,680,000. Weka hapo kando ile laki tatu ya zawadi, utaona kwa nini nyapara hakutaka mtoto wa shule asome.

Kuhusu karatasi yenyewe. Mwajiri na mfanyakazi wanaruhusiwa kupatana, lakini mapatano hayo yawe ya maandishi, afisa wa kazi wa serikali ayakubali, na kiasi kisiwe chini ya kile cha sheria. Kama mfanyakazi hawezi kusoma lugha iliyotumika, hayamfungi mpaka iandikwe kwamba yalisomwa na kuelezwa kwake, na kwamba aliyaelewa. Kwa hiyo wale wawili waliokwisha kutia dole wasikate tamaa. Waende kwa afisa wa kazi na hiyo karatasi, ila waende sasa, maana mahakama nayo haingoji mtu mwaka mzima kufuta mapatano.

Mwezi mmoja

Kitu kinachowaponyoka watu wengi ni taarifa. Mwajiri lazima apewe habari ya ajali ndani ya mwezi mmoja. Inaweza kuwa ya mdomo au ya maandishi, na mtu mwingine anaweza kuitoa kwa niaba ya majeruhi. Ni kweli kama bosi mwenyewe alijua siku ileile, hawezi kujificha nyuma ya mwezi huo, lakini utathibitishaje kwamba alijua? Hapo ndipo mama yetu alipofanya kazi kubwa. Alikwenda Mbarara na mtoto mgongoni, akasimama kwenye lango la saiti, akamwambia msimamizi habari za mumewe mbele ya vibarua wawili. Jioni kijana wake akaandika barua ya mistari sita: jina, tarehe, saa, mahali, jeraha, na majina ya wale wawili. Nakala moja kwa kampuni, moja kwa afisa wa kazi, moja chini ya godoro.

Afisa wa kazi hayuko hapa kambini. Yuko wilayani, na ni vizuri kwenda kwa yule wa mahali ajali ilipotokea. Kwao ilikuwa Mbarara, si Isingiro. Kama mwajiri hajakubali kwa maandishi kiasi cha kulipa ndani ya siku 21 tangu apate taarifa, shauri linaweza kwenda mahakamani.

Majibu ya kampuni yalikuwa yaleyale tunayoyasikia kila mahali. Kwanza, hana mkataba. Lakini Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inakubali mkataba wa mdomo, na daftari la nyapara, ujumbe wa pesa kwenye simu na ushahidi wa wenzake vilitosha kuonyesha alikuwa kazini. Pili, aliajiriwa na fundi mdogo aliyepewa kipande cha kazi, na fundi huyo ametoweka. Sheria inamruhusu majeruhi aidai kampuni iliyogawa kazi yake kwa fundi huyo. (Kwa mtu binafsi anayejijengea nyumba ya kulala mambo ni magumu zaidi, tusidanganyane.) Tatu, eti alipanda sehemu aliyokatazwa. Hata hapo, kama alikuwa akifanya kazi ya bosi, hilo peke yake halifuti fidia.

La nne ndilo liliwatisha: yeye ni mkimbizi, akileta fujo atashtakiwa kwa OPM. Wapendwa, Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 ya Uganda inampa mkimbizi haki ya kuajiriwa na kujipatia riziki. Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, katika kifungu cha 24, unataka mkimbizi atendewe sawa na mwananchi katika mambo ya ajali za kazini, na unasema pia kwamba fidia ya mkimbizi aliyekufa kazini haipotei kwa sababu mjane au watoto wako nje ya nchi. Familia zilizorudi Kongo au Burundi zikumbuke hilo.

Wako pia watu wa mjini wanaojiita mawakili. Mmoja alimfuata baba huyu hospitalini akataka 200,000 ya kufungua faili, risiti hana. Walimkwepa. Refugee Law Project husaidia wakimbizi kwa mambo ya sheria bila malipo, na mwenyekiti wa RWC wa kijiji chenu anaweza kuwaandikia barua ya kuwatambulisha.

Ilichukua miezi saba. Safari za Mbarara tano, mbili kati ya hizo kwa mkopo wa nauli. Mara moja walifika wakakuta afisa yuko semina, wakalala kwa ndugu wa kanisani. Daktari aliandika asilimia, kampuni ikabishana, daktari wa pili akapunguza kidogo, wakapatana mbele ya afisa wa kazi, maneno yakasomwa kwa Kiswahili neno kwa neno. Pesa inalipwa kwa awamu mbili. Ya kwanza imelipa deni la dukani na ada ya shule, na iliyobaki mama ameanza nayo kuuza dagaa sokoni Jumatano na Jumamosi.

Mkono haukunji. Baba hawezi tena kushika pima maji na mwiko kwa wakati mmoja, kwa hiyo anafundisha vijana uashi hapa mtaani, na kila mmoja wao anaamriwa kuwa na daftari dogo la kuandika tarehe, saiti, jina la nyapara na malipo ya siku. Awamu ya pili iliahidiwa mwisho wa mwezi uliopita. Mpaka tunapeleka toleo hili kuchapwa ilikuwa haijafika, na mama alikuwa ameshatafuta nauli ya kwenda kuiulizia Jumatatu.